Nani Kasema Hili Si la Hospitali?

Kikao kilifanyika sebuleni kwa shangazi yangu, Mbagala, Jumapili moja baada ya adhuhuri. Aliyeitishiwa kikao ni mwanawe wa pili, binamu yangu, ambaye kwa miezi minne alikuwa akikabwa na jinamizi. Kazi yake ni ulinzi. Anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anapanda daladala mbili, na ikifika saa mbili na nusu yupo chumbani kwake, amejitupa chali kitandani, shati la kazi bado mwilini. Hapo ndipo linapomjia. Anazinduka, anaiona feni, anaiona kalenda ukutani, anawasikia watoto wakicheza uani, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kimeelemewa. Mlangoni pamesimama mtu. Hamwoni sawasawa, ila anajua yupo na anajua hakuja kwa heri. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Kisha ghafla linamwachia, anakaa kitako, jasho linamtiririka na moyo unamwenda mbio.

Chumba cha kwanza alichopanga, Buguruni, kilisemwa kina majini. Akahama. Chumba cha pili, Tandika, wiki haijaisha likamkuta hukohuko. Mganga akapiga ramli, akasema nyumba hazina kosa. Yupo mwanamke mtu mzima, wa karibu, anayeamka usiku wa manane, ndiye anayetuma. Shangazi akageuza macho upande wa pili wa ua. Jirani yake wa miaka mingi ni bibi mjane anayeuza maandazi, na unga wa maandazi ya alfajiri hukandwa saa tisa usiku.

Kijana alieleza yote kwa sauti ya chini. Nikasema aende hospitali, akaeleze habari za usingizi wake. Babu mdogo, mkubwa kuliko sote pale, alinitikisia kichwa kwa huruma.

"Hilo si la hospitali, mjukuu wangu."

"Samahani, Babu. Wanga si watu wa usiku? Huyu anakabwa saa nne asubuhi, jua limewaka."

Akanijibu bila kusita: "Siku hizi hawana saa."

Jibu lile halijanitoka moyoni. Maelezo yanayokubali kila saa, kila nyumba na kila mtu hayawezi kushindwa kamwe, na kwa sababu hiyo hayawezi kutufundisha chochote. Hata hivyo waliokuwa sebuleni pale ni watu wenye akili zao, wanaompenda kijana wao, na wana sababu. Wanasema: alikuwa macho, hakuwa anaota. Wanasema: watu wasiojuana wanasimulia kitu kilekile. Wanasema: akisoma dua linaondoka. Wanasema: hospitali walipima, hawakuona kitu. Hizi si hoja za kupuuzwa, na msomi anayezijibu kwa kicheko cha "hizo ndoto tu" anastahili kulaumiwa kama mganga, maana anamwambia mtu aliyeona kwa macho yake kwamba hakuona.

Mimi nakubali kwamba aliona. Binamu yangu hakudanganya, hakuchanganyikiwa, wala hakuwa katika ndoto ya kawaida. Ninachokataa ni mshitakiwa.

Usingizi wetu hauendi mstari mmoja toka usiku hadi asubuhi. Unapanda na kushuka kwa mizunguko, kila mzunguko kama dakika 90. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba kuna hatua ya usingizi ambamo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba ukimwamsha mtu wakati huo, mara nyingi atakwambia alikuwa akiota. Miaka michache baadaye, mjini Lyon, Ufaransa, Michel Jouvet aliwachunguza paka na kugundua kwamba katika hatua hiyo karibu misuli yote hulegea kabisa. Akaharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, pale panapotoka amri ya kulegeza misuli. Paka wale wakawa wanainuka wakiwa usingizini, wananyemelea, wanarukia windo ambalo halipo.

Tafakari maana yake. Ubongo unaota mbio, ngumi na kuruka, na wakati huohuo unaufunga mwili kamba ili usitekeleze ndoto. Ni ulinzi. Wapo watu, wengi wao wazee, ambao kamba hiyo imelegea, nao hupiga mateke, huanguka kitandani, humjeruhi mwenzao aliyelala pembeni. Sisi wengine hufungwa kila usiku, mara nne au tano, na hatujui kwa sababu tumelala. Kupooza kule ambako binamu yangu anadhani ametupiwa na mtu anakuzalisha yeye mwenyewe, tangu siku aliyozaliwa.

Kinachotokea siku ya kukabwa ni kwamba akili inatangulia kuamka na kamba haijafunguliwa. Lugha yetu ina neno zuri kwa hali ya kuwa nusu macho nusu usingizini: mang'amung'amu. Kukabwa ni mang'amung'amu ya aina ya kutisha. Macho yamefunguka na yanakiona chumba halisi, ndoto bado inaendelea, na misuli bado imefungwa. Kwa hiyo yule anayesema "nilikuwa macho, niliiona feni" anasema kweli tupu. Feni ilikuwapo. Mtu wa mlangoni aliletwa na ndoto akasimamishwa ndani ya chumba cha kweli, na ndiyo maana maruweruwe haya yana nguvu kuliko ndoto yoyote: ndoto ya kawaida ikiisha, mahali pake panatoweka nayo, lakini hapa mlango unabaki palepale, na kila ukiutazama unakumbuka aliyesimama.

Na uzito kifuani? Katika hatua ile ya ndoto, kazi ya kupumua huachiwa kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Misuli ya mbavu imelegea pamoja na mingine. Mtu aliyezinduka kwa hofu anataka kuvuta pumzi ndefu, mbavu zinagoma, naye anahisi kama aliyekaliwa. Pumzi hazikukatika, kiwambo kinafanya kazi muda wote, lakini nani ana utulivu wa kulijua hilo wakati huo? Sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari imekwisha kuipiga. Mwili hauendi, kifua kimebanwa, kengele inalia: akili inatafuta adui, na isipomwona inamuumba.

Sasa hoja ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mbona mlinzi wa Dar es Salaam, mwanafunzi wa Mombasa na mvuvi wa Pemba, ambao hawajaonana, wote wanasimulia mzigo kifuani, mtu chumbani na sauti iliyokatika? Je, si ushahidi kwamba wote wamemwona kiumbe mmoja?

Tupanue orodha basi. Katika kisiwa cha Newfoundland, Kanada, wavuvi walisema ni bikizee anayekuja kumkalia mtu kifuani. David Hufford alikusanya masimulizi yao akaandika kitabu mwaka 1982. Wajapani huita kanashibari, kufungwa kwa chuma. Waturuki wana karabasan, jeusi linalogandamiza. Wabrazili wana Pisadeira, mwanamke mwenye kucha ndefu anayekaa juu ya paa na kushuka kumkanyaga aliyelala na tumbo lililoshiba. Wakambodia husema mzimu umewasukuma chini. Na mchoraji Henry Fuseli, mwaka 1781, London, alichora mwanamke aliyelala chali, mkono umening'inia, na kijitu cha kutisha kimemkalia kifuani.

Chekecha masimulizi hayo. Kinachobaki kilekile kila mahali ni mambo ya mwili: kushindwa kusogea, kifua kuelemewa, sauti kukatika, kuhisi kuna mtu. Kinachobadilika ni sura: bikizee, mzimu, jini mahaba, mchawi jirani. Kila watu wanamvisha mgeni huyu nguo za kwao. Kama angekuwa kiumbe wa nje mwenye sura yake, sura ndiyo ingekuwa ileile kila mahali, kama simba alivyo simba kwa Mmasai na kwa Mhindi. Tulichonacho wote kwa pamoja ni ubongo na misuli, na masimulizi yanafanana pale tu ubongo na misuli vinapohusika.

Halafu kuna jaribio ninalotamani lingejulikana kila mtaa. Mwaka 1992 watafiti wa Japani, akiwamo Tomoka Takeuchi, waliwalaza watu 16 wenye afya njema, wakawa wanawaamsha usiku katika muda maalumu, wanawaweka macho kwa saa moja, kisha wanawaacha walale tena. Kwa mpango huo walinasa matukio sita ya kupooza usingizini, waya za kupimia ubongo zikiwa zimebandikwa vichwani. Hapakuwa na kombe wala kafara, na hakuna aliyemtumia mwenzake kitu. Usingizi ulikatizwa tu, kwa saa moja, na jinamizi likaja.

Mweke binamu yangu kando ya jaribio hilo. Hatua ya ndoto huwa na nguvu zaidi kuelekea asubuhi. Mtu aliyekesha lindoni akilala saa tatu, ubongo unaidaka hatua hiyo mapema kuliko kawaida, wakati akili haijatulia sawasawa. Yeye hulala chali, na kulala chali kumeonekana mara nyingi kuambatana na kukabwa. Hulala saa nne au tano kwa siku, vipandevipande, kwenye chumba cha bati chenye joto na kelele. Alihama nyumba, lakini zamu ya usiku alihama nayo. Ukimwona mtu anapatwa na jambo lilelile kila anapokwenda, kabla hujaulaumu mji, tazama alichobeba.

Wala hayuko peke yake. Mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti 35 zilizohusu watu zaidi ya 36,000, wakakuta karibu watu wanane katika kila mia wamewahi kukabwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi walikuwa 28 katika kila mia. Aliyewahi kukaa bweni akasoma hadi usiku wa manane wiki ya mitihani hatashangaa. Ni bweni gani la shule zetu halina hadithi ya kitanda kibaya?

Hoja ya dua inanigusa kwa namna nyingine, maana mimi pia nimelelewa katika kusoma kabla ya kulala, na sitaki mtu aache. Kukabwa huchukua sekunde, pengine dakika chache, kisha huisha kwenyewe. Lolote utakalolifanya mwishoni litaonekana ndilo lililolifukuza. Aliyesoma Ayatul Kursi atasema aya, aliyetaja jina la Yesu atasema jina, aliyetukana matusi mazito, na wapo wanaoshauriwa hivyo na wazee wao, atasema matusi. Wote watatu waliamka. Lakini hilo si lote. Baland Jalal, mtafiti aliyelichunguza suala hili Misri na Denmark, ametengeneza njia ya kumsaidia anayekabwa: fumba macho, jikumbushe kwamba ni usingizi na hauui, acha kupambana na misuli, uelekeze moyo kwenye kitu unachokipenda, hata sala. Dua inayosomwa kwa utulivu inafanya kazi hiyohiyo. Dua inayosomwa kwa mapambano, mtu akiamini jini limemshika koo, inaongeza hofu, na hofu ndiyo chakula cha tukio zima. Jalal na wenzake waliona kwamba Wamisri waliopatwa, karibu nusu yao wakiamini ni majini, waliogopa kufa kuliko Wadenmark, na walisema mwili uliwakatalia kwa muda mrefu zaidi. Yaelekea imani kuhusu ugonjwa iliuzidisha ugonjwa.

Atakayeniambia kwamba hii ni elimu ya Wazungu ya kubomoa dini, namwomba arudi nyuma miaka elfu moja. Akhawayni wa Bukhara, tabibu Mwislamu aliyefariki mwaka 983, aliandika juu ya kabusi, jinamizi kwa Kiarabu, katika kitabu cha kuwafundisha wanafunzi wa tiba. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alilipa nafasi yake ndani ya Qanun, kitabu chake cha tiba: mtu anaingia usingizini, anahisi kitu kizito kimemwangukia, pumzi inabana, sauti na mwendo vinakatika. Wote wawili walitafuta chanzo mwilini, wakasema ni mvuke unaopanda kichwani, na wakaonya kwamba hali hiyo ikirudiarudia huenda ikatangulia kifafa. Kuhusu mvuke walikosea. Lakini walikuwa waumini, na bado mgonjwa wa kabusi walimhesabu kuwa mgonjwa. Wanazuoni nao hugawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi yenyewe. Fungu la tatu tumelisahau.

Kosa hili lina gharama, na pwani yetu imekwisha kuilipa. Mwanzoni mwa 1995 hofu ya Popobawa, jini lililosemwa hushambulia watu usiku, iliibuka Pemba, ikavuka hadi Unguja. Walioshambuliwa wengi walikuwa wamelala majumbani. Walieleza kushindwa kusogea, uzito, kubanwa, na wengine walisema walidhalilishwa kimwili. Ilisemwa kwamba Popobawa humwamuru aliyemshambulia akatangaze, la sivyo atarudi tena. Fikiria tangazo kama hilo linavyosafiri. Familia zilihama vyumba vyao zikalala nje, makundi kwa makundi, zikikesha kuzunguka moto. Mwaka ule Ramadhani iliangukia Februari, watu wakiwa wanakatiza usingizi kuamka kula daku. Zanzibar ilikuwa inaelekea uchaguzi wake wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Oktoba, na watu walikuwa tumbo joto. Mwanaanthropolojia Martin Walsh ameandika kwa kina jinsi hofu ile ilivyokuja kubebeshwa maelezo ya kisiasa. Mimi naitazama kama mtu aliyesoma lile jaribio la Japani. Usingizi uliokatizwa, hofu, mkesha, usingizi wa mapande: dawa waliyoitumia kumkimbia Popobawa ndiyo iliyokuwa ikimtengeneza. Kila aliyekesha leo aliandaa kukabwa kwake kesho.

Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Popobawa hakuua mtu. Walioua ni watu, tena wakiwa macho, wakiamini wanajilinda.

Vilevile sina budi kusema jambo ambalo huwa tunalipita kimya. Katika masimulizi ya kudhalilishwa usiku, huenda yamo ambayo hayakuwa ndoto. Binti anayeamka na maumivu, michubuko au damu anahitaji hospitali na polisi, fomu ya PF3 na mtu mzima wa kusimama naye. Akiambiwa ni jini mahaba, mhalifu mwenye mwili na jina, pengine anayelala nyumba hiyohiyo, amepewa mahali pa kujificha milele.

Imebaki hoja ya hospitali. Hapa nasimama upande wa shangazi yangu. Binamu alikwisha kwenda mara moja. Alisubiri asubuhi nzima, akaingia kwa dakika tano, akapimwa malaria na taifodi, akapewa panadoli na kuambiwa hana kitu. Hakuulizwa analala saa ngapi. Hakuulizwa anafanya kazi gani. Mtu akitoka hospitali na jibu la "huna kitu" huku kitu kinamkaba kila wiki, atakwenda wapi? Mganga alimpa saa mbili, alimsikiliza, alimuuliza habari za kwao. Hilo peke yake ni nusu ya tiba, na watabibu wetu wameliacha mikononi mwa watu wa ramli.

Maswali ya kuuliza hayahitaji mashine. Unalala saa ngapi, kwa zamu gani, kwa ubavu au chali? Je, unakoroma, na mwenzako anaona pumzi zikikatika? Je, unasinzia mchana kwa nguvu usiyoweza kuizuia, na magoti yanalegea ukicheka sana? Dalili hizo zikikutana na kukabwa kwa mara kwa mara zinaelekeza kwenye ugonjwa wa usingizi unaoitwa nakolepsi, ambao una dawa. Umeamka ulimi umeng'atwa au umejikojolea? Hapo kifafa cha usiku hakina budi kuchunguzwa. Umefiwa? Umenusurika ajali au kupigwa? Unakunywa dawa gani?

Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwetu. Kwa miaka mingi efavirenzi ilikuwa moja ya dawa za kwanza walizopewa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI Afrika Mashariki, kabla ya dolutegraviri kuchukua nafasi yake. Ilinywewa usiku, na ndoto kali, za rangi, za kutisha, ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana sana. Fikiria mtu wa wakati ule: amepokea majibu yake juzi, hajamwambia yeyote, anaanza dawa kwa siri, na wiki hiyohiyo usiku wake unageuka uwanja wa vita. Akiambiwa "umetupiwa", na akaacha vidonge ili anywe kombe au maji ya upako, aliyempa maelezo hayo amehatarisha uhai wake. Meflokwini, dawa ya malaria, nayo inajulikana kwa ndoto za namna hiyo.

Na mtoto? Mtoto wa miaka minne anayeruka kitandani mwanzoni mwa usiku akipiga mayowe, macho wazi, jasho jingi, asikutambue, na asubuhi asikumbuke lolote, mara nyingi ana vitisho vya usiku, hali inayoisha kadiri anavyokua. Mlinde asianguke, usimtikise, mwache arudi kulala. Ila mtoto mwenye homa anayekakamaa na kutupa miguu na mikono ni habari nyingine kabisa. Hiyo ni degedege, na utafiti uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha jinsi wazazi walivyoihesabu kuwa ugonjwa wa kutibiwa kienyeji kwanza, wakati mara nyingi nyuma yake kuna malaria kali. Malaria ya aina hiyo inaweza kuua mtoto kabla ya siku kuisha.

Binamu yangu hatimaye alionana na daktari aliyemuuliza habari za usingizi. Alishauriwa alale kwa ubavu, apate usingizi wa kutosha akitoka zamu, aweke pazia zito dirishani. Shangazi akamshonea fulana ya kulalia yenye kifundo cha kitambaa mgongoni ili akigeuka chali kimsumbue. Mwajiri hakumbadilishia zamu. Bado hukabwa, mara moja kwa mwezi pengine, na anasema sasa hufumba macho, husoma taratibu, na kusubiri kidole gumba cha mguu kikubali kusogea. Kikisogea, mwili wote hufuata. Mtu wa mlangoni huja bado. Hamwogopi kama zamani.

Fedha zilizokwenda kwa waganga wawili zilikuwa mkopo wa kikoba, na marejesho hayajaisha.

Bibi wa maandazi bado anaamka saa tisa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni, macho kama yale ambayo Kanda ya Ziwa yamewafanya vikongwe wengi wauawe kwa mapanga. Kwake hakuna aliyefika na panga, namshukuru Mungu. Lakini tangu mganga aseme, wapangaji wa nyumba ya shangazi waliacha kununua kwake, watoto wakakatazwa kupita uani kwake, na salamu ya asubuhi iliyodumu miaka mingi ikakatika. Hakuna aliyemweleza kosa lake. Shangazi sasa anajua kwamba bibi yule alikuwa anakanda unga. Hajaenda kumwomba radhi. Anasema anaona haya, hajui aanzie wapi. Nimemwambia nitamsindikiza Jumamosi, tutakwenda alfajiri, tununue maandazi, na yeye ndiye atakayetangulia kubisha hodi.